Ng'ombe wa Chuo na Karatasi Tatu Tupu

Makanyagio, Mpanda
Jumatano, alasiri

Mwanangu Skolastika,

Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili. Najua ni ajabu kumwomba radhi ya ukimya mtoto anayelala chumba cha pili na kula nami meza moja, lakini wewe unajua ninachosema. Tangu wiki mbili baada ya barua ya Chuo kufika nimekuitikia "marahaba" asubuhi na kukuambia "lala salama" jioni, na katikati ya maneno hayo sikukupa kitu. Ulidhani nimeudhika kwa kuwa umechagua kemia na si Kiswahili. Nilimsikia mama yako akikuambia jikoni, "Mwache baba yako, wanaume wakistaafu huwa hivyo." Sikutoka kumsahihisha. Ilinifaa mkiamini hivyo.

Sasa umekwenda kwa shangazi yako Kawajense kuaga, na mama yako amekufuata ili usirudi na mizigo ya watu. Nina saa mbili au tatu peke yangu. Kesho nitakupa barua hii stesheni, treni ikishapiga honi, ili usiisome mbele ya macho yangu. Huo ni woga, na ninautaja mapema kwa sababu barua yote inahusu woga wa namna hiyo.

Habari za chandarua, za mchele, za kutonunua chakula dirishani pale Kaliua na za kuvaa sweta usiku, mama yako amekwisha kuzisema mara tatu. Mimi sina la kuongeza.

Nianze na kosa ambalo unalijua. Ulipokuwa bweni, kidato cha pili, ulituandikia kwamba umelazwa kwa malaria na kwamba unaogopa. Nilichukua kalamu nyekundu, nikasahihisha barua yako, nikaifunga pamoja na noti ya kununulia dawa, nikairudisha. Nilijiona baba mwema: fedha nimetuma, na lugha nimefundisha. Tangu siku hiyo barua zako zilikuja safi, hazina kosa hata moja, na hazina habari hata moja. "Sisi wazima, tunaendelea na masomo." Miaka minne nilisoma barua hizo na kujisifu kwa wenzangu kwamba binti yangu anaandika vizuri. Mama yako ndiye aliyeniambia siku moja, "Mtoto anakuandikia kama anamwandikia mkaguzi." Nilimjibu kwamba mkaguzi pia ni binadamu. Alicheka, lakini si kwa kufurahi.

Ninakukumbusha hilo ili ujue kwamba baba yako ni mtu wa kutazama mstari na kuacha kilicho ndani yake. Ndivyo nilivyofika mahali hapa.

Unamjua Anselmi. Wewe humwita Baba, kwa sababu ndiye aliyekushika siku ya ubatizo wako. Usichojua ni kwamba katika chuo cha ualimu mimi naye tulilalia godoro moja mwaka mzima, kwa kuwa langu liliibwa. Kaka yako wa kwanza alipofariki, kabla hujazaliwa, mimi sikuweza kushika jembe. Anselmi ndiye aliyechimba kaburi, peke yake, mvua inanyesha, na alipomaliza alikaa nami mpaka asubuhi. Kwa hiyo ninapokuandikia habari zake, usidhani ninamwandika adui.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kuanzisha vyuo vikuu, jumuiya ile ya wazazi wa magharibi ilianzisha Chuo, na Anselmi, ambaye alikuwa ameacha ualimu na kusomea uhasibu, akawa mhasibu wake. Alikuja kwangu akasema, "Deo, watoto wa Mpanda wakisubiri nafasi za vyuo vya Serikali watazeeka wakisubiri. Wewe watu wanakuamini. Nikusanyie." Nikawa mwenyekiti wa kamati ya michango ya wilaya yetu. Watu wa Mamba, kijijini kwetu, na wa vijiji vya jirani walitoa mpunga, kila kaya debe moja baada ya mavuno. Majimoto tulikwenda kwa wafugaji.

Ulikuwa likizo, ukaja nasi, lakini ulikuwa ukicheza na ndama na hukusikia. Mzee Shija, yule mzee mrefu wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe zake kutoka kaskazini wakati wewe hujajua kutembea, alisimama akaniuliza:

"Mwalimu, hicho chuo kina miguu?"

"Hakina, mzee."

"Kina mdomo?"

Watu wakacheka. Akasema, "Msicheke. Mimi nataka kumjua anayekula ng'ombe wangu. Nikimpa mkwe, namjua. Fisi akila, namjua. Huyu wenu simjui."

Anselmi alisimama kabla yangu. Alikuwa hodari wa kusema. "Mzee Shija," akasema, "huyu atakula ndama na maziwa. Mama hatamgusa."

Neno hilo ndilo lililowashinda. Wafugaji walitoa mitamba, mmoja mmoja, wengine wawili. Shija alitoa wa kwanza, mweupe mwenye mabaka mekundu, akasema, "Nyie Wapimbwe mna walimu. Sisi tuna ng'ombe, na hakuna mtoto wetu aliyesoma mpaka juu. Basi tuchanganye." Mitamba wote waliwekwa katika zizi la Shija, awatunze kwa niaba ya wenzake. Tuliandika mapatano: madume watakaozaliwa watauzwa kila mwaka, na fedha yao itanunua vitabu na dawa za maabara, majike hawatauzwa, na hakuna mnyama atakayetoka zizini bila barua yangu yenye sahihi na muhuri. Niliyaandika mapatano hayo kwa mkono wangu. Hayakuwa na kosa.

Nilijivunia sana mpango ule, na bado ninaamini ulikuwa mzuri. Bibi yako kule Mamba, hata mwaka wa njaa, alikuwa na kihenge kidogo cha mpunga wa mbegu alichokiziba kwa udongo. Februari tulilia njaa mbele ya kihenge kile, naye alitupa mlenda na mihogo akatuacha tulie. Nilidhani tumekipa Chuo kihenge cha namna hiyo.

Mwaka wa pili Anselmi alipita hapa nyumbani akiwa na haraka. Mvua zilikuwa zimeikata reli, na barua yangu ya kuruhusu kuuza madume ilikuwa imekaa njiani wiki tano. Bei ilishuka. Alisema Chuo kilipata hasara kwa sababu ya umbali tu. Akaniomba nimtilie sahihi na muhuri karatasi tatu tupu, ili safari nyingine asinisumbue. Mama yako alikuwa akipanga vikombe.

"Shemeji," akamwambia Anselmi, "hata mbuzi hauzwi kabla hajakamatwa."

"Mama Skola, mimi si mwizi wa mbuzi."

"Sijasema mwizi. Nimesema mbuzi." Kisha akanigeukia mimi. "Baba Skola, unaandika jina lako chini ya nini?"

Nilimjibu kwa kiburi, "Chini ya neno la rafiki yangu."

Nikatia sahihi zote tatu. Mimi, ambaye kwa miaka thelathini na moja sikumruhusu mwanafunzi aache nafasi tupu juu ya jina lake, kwa sababu nilijua mtu mwingine anaweza kuijaza. Kila aliyepitia darasa langu anaweza kukuambia hivyo. Sisi watu wa bara, ambao treni ndiyo mlango wetu na mlango wenyewe hufunguliwa siku chache kwa wiki, tumezoea kuachiana sahihi kama majirani wanavyoachiana funguo. Sikuona aibu. Niliona kwamba ninarahisisha kazi.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Mzee Shija alikuja hapa kwa lori la mpunga. Wewe ulikuwa shuleni. Hakutaka chai. Alikaa pale kwenye kiti cha kamba, akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nyingi mpaka imeanza kukatika.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua ngozi."

"Ngozi gani, mzee?"

"Kwetu sisi, ng'ombe wa mwenzako akifa mikononi mwako, unampelekea ngozi. Anatazama alama ya sikio, anajua humdanganyi. Wenzangu wananidai ngozi za mitamba yao. Malori yalikuja mawili, yakachukua wote, mpaka yule wangu wa mabaka, naye alikuwa na mimba. Watu wa malori walinipa karatasi hii. Wamesema ni wewe."

Niliisoma. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri: kamati ya michango inaruhusu mifugo yote ya Chuo iuzwe. Chini yake palikuwa na jina langu.

"Ni wewe?" akauliza.

Nikasema, "Sahihi ni yangu."

"Basi ngozi iko wapi?"

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe Chuoni kuulizia. Akaikunja karatasi yake, akasema jambo ambalo limenifuata mpaka leo: "Mimi sijui kusoma. Wenzangu wanasema nimewauza mwenyewe, halafu nimeandikisha karatasi mjini. Nawaambia hapana, Mwalimu ameandika. Wanasema, Mwalimu hawezi kuandika hivyo, Mwalimu tunamjua. Unaona? Kwa sababu wewe ni mtu mwema, mimi ni mwizi."

Ulipokuwa umerudi likizo, nilisafiri siku mbili kwenda Chuoni. Nilikuambia ninakwenda kufuatilia kiinua mgongo changu. Hukuniuliza zaidi, kwa kuwa nimekulea usiniulize zaidi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni geti. Skola, utaliona mwenyewe. Ni kubwa kuliko geti la bomani kwetu, lina nguzo nne na taa juu ya kila nguzo. Ndani yake kuna nyumba ya wageni yenye mazulia. Mbele ya utawala kulikuwa na gari jipya limefunikwa turubai ili lisipate vumbi. Nilipouliza maabara iko wapi, mlinzi alinionyesha kibanda nyuma ya jiko.

Humo nilimkuta mwalimu wa kemia, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mabomba yalikuwepo, maji hayakuwepo. Ubaoni palikuwa na chupa zilizochorwa kwa chaki, moja imepakwa chaki nyekundu, nyingine buluu.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Hilo ni jaribio la leo, mzee. Wanafunzi wanatazama nyekundu inageuka buluu."

"Inageukaje?"

"Ninafuta, ninapaka nyingine."

Alicheka, nami nikacheka, kisha sote wawili tukaona haya. Nikamwuliza inawezekanaje Chuo chenye geti lile kisiwe na dawa za shilingi chache. Akanieleza bila hasira, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi.

"Mzee, ada inaingia yote kwa mkupuo, mwezi wa kufungua. Siku hiyo Chuo ni tajiri. Wanajenga, wanalipa deni la ujenzi wa jana, wanafanya sherehe. Kufika Krismasi sanduku ni tupu. Januari tunaambiwa tuvumilie mshahara. Februari mwalimu wa fizikia anakwenda kufundisha tuisheni mjini, naye ana watoto, utamlaumu? Machi mtihani unafanywa, lakini aliyeutunga ameondoka, karatasi zinakaa kabatini bila kusahihishwa. Mwaka jana waliofeli walikuwa wengi hata tukaogopa kubandika majina. Wakuu wakasema wanafunzi wa huku ni wazito. Si wazito. Fungu la maabara ndilo lile geti ulilopitia."

"Na ng'ombe wa Mpanda?"

"Sijasikia habari za ng'ombe," akasema. "Kwani tulikuwa na ng'ombe?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote. Chuo kilikuwa kimekula kihenge cha mbegu, na waliokuwa wakishinda njaa hawakuwahi hata kujua kwamba kihenge kilikuwepo.

Anselmi alinipokea kwa kunikumbatia. Aliniagizia chai na maandazi. Usidhani alinenepa au alivaa dhahabu. Viatu vyake vilikuwa vilevile vilivyopigwa kiraka. Ningemkuta ameiba, pengine ningerudi nyumbani nikiwa mwepesi zaidi.

"Anselmi, uliwaambia utakula ndama."

"Deo, kaa kwanza."

"Uliwaambia mama hutamgusa. Nilikuwepo."

"Wakaguzi walikuwa wanakuja kuona kama tunastahili hati ya usajili," akasema. "Mkaguzi akishuka kwenye gari anaona nini kwanza? Chupa za maabara? Anaona geti. Tukipata hati, wanafunzi watakuja mara mbili, ada itakuja mara mbili, nitawanunulia wafugaji wako ng'ombe mara mbili."

"Mlipata hati?"

"Ya muda."

"Na wanafunzi?"

Akakoroga chai. "Wamepungua kidogo."

Nikamwambia kwamba Shija anaitwa mwizi kwa sababu ya karatasi yangu, na kwamba sikuiandika mimi. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akaniambia polepole, bila chuki, "Sahihi ni yako, Deo. Mtu anayemwachia mwenzake jina lake anataka litumike. Ungetaka kuulizwa, usingeniachia. Ulitaka mambo yaende, na usijue yanavyokwenda."

Nimelitafuta jibu la maneno hayo kwa miezi mingi. Alinisaliti, hilo siliondoi. Alichukua neno alilolitoa mbele ya watu na kulitafuna kama mtu anayekula mbele ya wenye njaa. Lakini alinijua vizuri, kama mtu aliyelala nami godoro moja.

Niliposimama kuondoka aliniambia, "Zile mbili nimezitumia, moja kuuza madume, nyingine kuuza wote. Ya tatu ninayo bado. Usihofu, nitaitumia vizuri. Usije ukasema Anselmi alimsahau mtoto aliyemshika kwenye ubatizo."

Mwanangu, lisome hili taratibu. Mkono wangu ulikuwa huru. Meza ilikuwa ndogo. Ningeweza kusema, "Nipe karatasi yangu." Sikusema. Nilielewa alichokuwa ananiahidi, nikavaa kofia yangu, nikaaga. Njia nzima ndani ya treni nilijidanganya kwamba sikuelewa.

Kisha ikaja barua yako. Umechaguliwa kusoma ualimu wa sayansi, na kwa pendekezo la kamati ya michango ya Mpanda unasamehewa ada kwa miaka yote mitatu. Ulinikumbatia, ukasema, "Baba, kumbe ulikuwa unanitafutia kimya kimya!" Mama yako alichinja kuku. Sikuwa nimependekeza chochote. Ile ilikuwa karatasi ya tatu, na wewe ulikuwa ndani yake.

Ungependa kujua kama nilikasirika. Hapana. Wiki mbili za mwanzo nilifurahi. Pensheni yangu haijalipwa, sikuwa na ada, na usiku nilikuwa ninahesabu kila kitu cha kuuzwa katika nyumba hii. Mzigo ukaondoka. Kisha Mzee Shija alikuja tena, kwa baiskeli safari hii, kutoka huko kote. Wewe ndiye uliyempa maji. Alikuuliza unakwenda kusoma wapi, ukamwambia, naye akakushika kichwa akasema, "Vizuri, binti. Basi yule wa mabaka amepata pa kwenda." Ukacheka, ukadhani ni utani wa wazee. Alipoingia ndani aliniuliza habari za ngozi. Nikamwambia jambo linafuatiliwa. Siku ile ndipo nilipoacha kuzungumza nawe. Sikuweza kukutazama unavyofunga vitabu vyako bila kumwona mzee yule akiisukuma baiskeli yake kuelekea Majimoto, mwizi kwa sababu yangu.

Leo asubuhi uliuliza mabati yaliyokuwa yameegemezwa ukutani yako wapi, yale ya nyumba yangu ya uzeeni kule Mamba. Mama yako alikuambia, "Muulize baba yako," nawe hukuuliza. Nimeyauza. Mama yako anajua yote, nilimweleza juzi. Alisema tu, "Nilikuuliza unaandika jina chini ya nini," akaenda kuwaita wanunuzi mwenyewe, kwa sababu anasema mimi sijui kutaja bei.

Katika bahasha ndogo iliyomo ndani ya hii kuna ada ya mwaka wa kwanza. Nimewaandikia pia wakuu wa baraza la Chuo kwamba barua ile ya msamaha wa ada sikuiandika, na kwamba ile ya ng'ombe sikuiandika, ingawa karatasi na sahihi nilizitoa mimi. Barua hiyo itasafiri katika treni yako hiyohiyo, kwenye mfuko wa posta. Sitaki ufike kule ukiwa hujui kinachofika pamoja nawe.

Ukifika Tabora utalala kwa shangazi yako mkubwa kabla ya kupanda basi. Hapo utakuwa na usiku mmoja wa kufikiri. Ukiamua kuendelea, lipa ada hiyo kwa jina lako, na uingie kwa geti lile ukijua limejengwa kwa fedha gani. Ukiamua kutokwenda, kaa hapo, omba chuo cha Serikali mwakani, na fedha hiyo itakungoja. Kemia ya chaki si jambo dogo, na mimi sitakupangia. Nimekwisha kujaza karatasi za kutosha kwa niaba ya watu wengine. Lakini nikikuficha ninalolitaka nitakuwa nimerudi palepale, kwa hiyo ninalisema: ningependa uende. Kijana yule mwenye miwani bado anafundisha pale bila mshahara, na mtu wa namna hiyo anastahili mwanafunzi mmoja anayejua habari za ng'ombe.

Ukiendelea, Anselmi atakuja kukupokea kituo cha basi. Msalimie kwa heshima. Alikushika ubatizoni na alimzika kaka yako. Sikutumi kugombana naye, wala sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijaweza.

Jumapili baada ya misa nitakwenda Majimoto. Nimempelekea Mzee Shija ujumbe awaite wenzake wote waliotoa mitamba. Nitasimama mbele yao, naye akiwa ameketi, niwaambie kwamba zizi lake lilikuwa salama na kwamba mlango uliachwa wazi na mimi. Sina ngozi ya kuwaonyesha. Nina nakala ya barua niliyoliandikia baraza, na nitamwomba katekista aisome kwa sauti ili wasinitegemee mimi kuisoma. Wakitaka ng'ombe wao, sina. Wakitaka shamba la mpunga la babu yako, lipo, na mama yako amekubali. Wakitaka kunifukuza nisikanyage tena Majimoto, nitaondoka kwa miguu yangu.

Ninasikia sauti yako barabarani, unamchekesha mama yako. Nitakunja barua hii sasa.

Watakapokuwa wameamua, siku hiyohiyo nitakuandikia walichoamua, hata kama ni cha aibu. Nawe niandikie uliloliamua Tabora, kwa haraka na kwa makosa yako yote. Kalamu nyekundu nimempa mama yako, anaandikia vipimo vya unga.

Baba yako,
Deogratias